Taa Mpya za Pijo na Mbuzi wa Kithyoko

Jumanne, 1 Julai 2025

Ukungu. Mlima umelala ndani ya blanketi mpaka saa nne asubuhi, na mimi pia.

Jana nilitoka Masii na Pijo, pikapu yangu, jua limezama, na punda ya Ndunda ikatokea kwa barabara — hivi tu, kama imetupwa kutoka mbinguni. Nikashika breki. Pijo ikageuka ikaangalia kule tumetoka. Punda haikushtuka. Ndunda ndiye alishtuka! Tulitahiriwa mwaka mmoja na yeye, kwa hivyo ananitusi bila adabu. Ati Masila, hii punda ni nyeupe, imesimama hapa tangu tupate uhuru, ulikosa kuiona aje? Nikamwambia ni taa. Taa za Pijo zimezeeka. Zinamulika kama jivu.

Na ni kweli. Mimi niliendesha lori ya mchanga miaka kumi na tisa. Usiku. Mara ingine na taa moja, mara ingine bila, nafuata harufu ya barabara. Fisi wa Masinga walikuwa wananipisha, wanasema huyo ni Masila. Sasa leo ati macho? Si macho. Ni taa.

Ndanu amesikia habari ya punda kabla nifike kwa geti. Huyu ndiye msichana wangu wa mwisho, amebaki na mimi hapa tangu mama yake atuache. Hakupiga kelele. Hiyo ndiyo mbaya. Amesema, asa, vile ananiita baba yake, kitu ingine kama hiyo na nachukua ufunguo.

Achukue ufunguo! Na tarehe 26 ni ntheo ya Mutuku, mjukuu wangu. Mbuzi watatu wanaenda Kithyoko kwa kina msichana. Bila hao mbuzi hakuna bibi, hata kama wamepeana pete ishirini. Na hakuna nyumba hapa Katelembo imeoa bila Pijo kubeba mbuzi, mimi nikiwa kwa usukani. Nimebeba mbuzi mia mbili. Hapana, mia tatu. Hakuna hata mmoja alitapika.


Alhamisi, 3 Julai

Nimeenda Machakos kwa Wesley, fundi wa waya. Nikamwambia nataka zenoni. Ile taa nyeupe ya magari ya wakubwa.

Akafungua boneti, akakohoa kama daktari. Mzee, hii glasi ya Pijo iko na mistari ndani, ilitengenezewa balbu ya kawaida. Ukiweka zenoni hapa mwangaza utamwagika kila mahali, kama uji kwa kikapu. Inatakiwa ubadilishe taa yote, uweke ya lenzi, halafu tuipime. Sheria haitaki taa ipige mwenye anakuja kwa macho.

Nikamwambia mimi nimekunywa uji kwa kikapu na sikumwaga tone. Weka balbu.

Kuna za bluu. Akasema bluu ni ya kuita polisi bila simu. Nikachukua nyeupe. Mimi si mjinga.

Kwa kila taa ameweka kasanduku ka chuma, kanaitwa balasti. Ndiyo inapandisha moto. Kanalia kidogo, kama nyuki amefungiwa kwa chupa. Nimefika nyumbani mchana kweupe, taa zimewaka njia yote. Kwani ni za nani?


Jumamosi, 5 Julai

Sijui niandike aje hii ya leo.

Jioni nilipeleka Pijo pale juu kwa mwamba, peke yangu. Nikangoja giza ishuke polepole. Nikawasha.

Aiya!

Ukungu wote ulishika moto mweupe. Moto baridi. Na kila taa kule chini bondeni — ya duka, ya kanisa, ya lori inapanda — iko na ua. Ua kubwa la duara, na ndani rangi, nyekundu, kijani, halafu ingine sina jina yake. Lori ikikuja, ua inafunguka. Ikipita, inafunga. Hata mwezi ulikuwa na shuka mbili.

Nilikaa tu. Mwelu wangu, marehemu mama ya Ndanu, alikuwa anapenda maua, nami nilikuwa namcheka, namwambia ua halipikwi. Leo ningemwita akuje aone. Nafikiri nilimwita. Nafikiri pia nililala kidogo, kwa sababu alikuja, akapanguza kioo na leso, akasema Masila sogea.

Zenoni ni kitu kingine. Watu hawajui.


Jumanne, 8 Julai

Sasa mimi ni mtu mkubwa kwa barabara. Madereva wote wananisalimia! Kila mwenye tunakutana jioni anawasha na kuzima, anawasha na kuzima. Mimi pia nawajibu, nawasha zile kubwa kabisa. Adabu ni adabu.

Ndunda alikuwa ndani, kwa kiti ya kushoto. Ameshika uso na kofia njia yote. Nikamuuliza, unaogopa nini, mwanamume wa mwaka wangu? Akasema haogopi, anaomba.


Jumatano, 9 Julai

Sio salamu.

Lori ya kokoto imesimama katikati ya barabara leo jioni, dereva akashuka, mtu mnene na kaptura. Nikateremsha kioo, natabasamu. Akaniuliza kama nataka kumuua yeye ama nataka tu watoto wake wakose baba. Ati tangu kona ile haoni kitu, anaendesha kwa imani. Nikamwambia imani ni kitu kizuri. Hakucheka.

Mbele kidogo, afande. Mama mmoja wa trafiki, sauti nyororo. Akasimama kando ya taa, mkono kwa uso. Mzee, hii ni gari ama ni krusedi ya kanisa? Nikamwambia vile nilibeba mbuzi mia nne bila mmoja kutapika. Akasikiza yote, na heshima. Halafu akaniita guka, kama mimi ni babu yake, akasema hizi balbu zitoe ama uweke taa ya kweli, ya kushuka. Hii wiki. Na hii gari ni ya mizigo, inspekshen yake inaisha mwezi huu, na hawawezi kuipitisha hivi. Bila stika usibebe hata kuku.

Hata kuku! Na mimi niko na mbuzi watatu.

Sijamwambia Ndanu.


Jumatatu, 14 Julai

Inspekshen. Imeanguka.

Breki, imepita. Springi, imepita. Bartholomew, yule mzee wa kupima, amekaribia kustaafu na anatembea kama askofu, akasifu injini mpaka nikaona aibu. Halafu akawasha taa mbele ya kile kifaa chake. Akasema, mzee mwenzangu, barabara yako iko chini, wewe unamulikia malaika.

Amenieleza pole pole. Taa inatakiwa iwe nyeupe, iwe na njia ya kushuka, na ikishuka iwe na mwisho. Mstari. Chini ya mstari ni barabara yako, juu ya mstari ni macho ya wenzako. Yangu haina mstari. Nirudi wiki ijayo na taa yote ya lenzi.

Ndanu ameona karatasi kwa mfuko wa koti. Nilifikiri ataomba ufunguo. Amesema tu Ijumaa ataenda na mimi kwa Wesley.


Ijumaa, 18 Julai

Wesley ametoa taa za zamani na kuweka mpya. Jicho moja nene, la glasi, kila upande. Amehakikisha ni za barabara zetu, zile zinapandisha mwangaza kidogo upande wa kushoto, kwa wenye wanatembea kando. Kuna zingine zinapandisha kulia, kwa macho ya watu. Nikamwambia nilijua. Sikujua.

Halafu kupima. Gari kwa sakafu iliyo sawa, ndani ya gereji, milango imefungwa. Ukuta hatua kumi mbele. Mstari wa chaki. Nikamwambia Wesley, ngoja! Pijo ikibeba mzigo nyuma, pua inapanda. Ukipima bila mzigo, siku ya ntheo tutamulikia malaika tena. Wesley akanitazama na heshima. Huyo ndiye Masila wa lori ya mchanga!

Sasa mzigo. Mbuzi wako nyumbani. Tukaita watu. Ndunda akapanda nyuma. Katunge wa mboga akapanda na gunia yake ya viazi, anasema yeye ni mbuzi wa kwanza wa kulipa kodi. Ndunda akalia meee. Pijo ikakaa chini, pua ikapanda kweli. Wesley akashusha taa na bisibisi, kidogo, kidogo tena.

Akasema, mzee, enda kwa ukuta, weka kidole pale mwangaza unaishia.

Nikaenda. Ukuta ulikuwa unawaka wote, kama maziwa. Nikatafuta mwisho. Nikaweka kidole.

Katunge akacheka. Halafu akaacha.

Ndanu akaja nyuma yangu. Akashika kidole changu, akakishusha. Nilikuwa nimeweka juu, usawa wa shingo. Akakipeleka mpaka kwa goti. Hapa, asa, akasema. Kama ananifundisha kuandika, vile walimu wa ngumbaru walinishika mkono nikiwa na miaka sitini. Nikamwambia nilikuwa nawajaribu. Akasema ndio.

Hakuna mtu alilia meee tena.


Jumatatu, 21 Julai

Imepita! Stika iko kwa kioo. Bartholomew amesema hajaona Pijo na taa zimepimwa vizuri hivi. Mstari umekatwa na kisu, ati. Nikamwambia ni mimi nilisema waweke mzigo. Akanipigia saluti.

Tukirudi Ndanu ndiye aliendesha. Sijui ilikuwa aje. Ufunguo ulikuwa kwa mkono wake na mimi nilikuwa naongea.

Kwa njia akasema, gari imepita, asa. Sasa wewe.


Jumatano, 23 Julai

Kliniki ya macho. Mstari mrefu, wazee wote wa Machakos wako hapo, kila mmoja ana uongo wake. Yangu ilishinda.

Nikamwambia dada wa macho mimi nasoma bila miwani. Naandika bila miwani! Kipofu gani anaandika? Akasema hiyo pia ni ugonjwa wenyewe, unakufungia mbali lakini kwa muda unakuonyesha vya karibu. Ni mtoto wa jicho. Yote mawili, la kushoto limekomaa. Upasuaji ni mdogo, unarudi nyumbani siku hiyo. Tarehe 12 Agosti. Mpaka hapo nisiendeshe gari. Giza na ukungu, kabisa kabisa.

Nikamuuliza zile maua za taa. Akauliza maua gani. Nikamweleza, duara, na rangi, na ile haina jina.

Akasema zitaenda. Alitegemea nifurahi.

Kumbe hata kabla ya zenoni zilikuwa. Mimi nilikuwa nafikiri ni ukungu wa mwaka huu.


Ijumaa, 25 Julai

Mbuzi wamefika, wawili wa kike na dume moja kubwa lenye dharau. Mutuku amenyoa. Amekuja akasimama kwa mlango, guka, kesho ni wewe na Pijo, si ndio? Kule Kithyoko wazee wameshaambiwa. Nikamwambia kwani kuna mwingine?

Bado hajui ya kliniki. Ndanu hajamwambia. Hajaniambia kitu hata mimi. Amepika muthokoi, amesogeza meza, ameweka ufunguo karibu na sahani yangu. Nikauangalia. Akasema, sichukui. Utaniambia wewe mwenyewe.

Afadhali angechukua! Ningegombana naye mpaka asubuhi na ningeshinda.

Nilimwambia Mwelu, akiwa kitandani ile mwisho, mbuzi za Mutuku nitazipeleka kwa mkono wangu. Alicheka. Alisema nikumbuke kufunga mlango wa nyuma.


Jumamosi, 26 Julai

Saa kumi na moja na nusu alfajiri. Ukungu mbaya, haujawahi kuwa hivi. Hata hiyo si uongo.

Niko ndani ya Pijo, kwa usukani. Nimewasha. Taa ni halali, stika ni halali, mlango wa nyuma nimefunga mara mbili. Mbuzi wako nyuma pamoja na Ndunda, na Ndunda ndiye analalamika zaidi. Mutuku ako hapa kushoto na suti, magoti yanaruka.

Ndanu amefungua geti. Nilifikiri atapanda. Hakupanda. Ameenda mbele ya gari, ndani ya huo mwangaza wote, hatua kumi, amegeuka. Ameinua mkono.

Asa, amesema, vidole ngapi?

Mutuku amecheka. Sasa ameacha, ananiangalia.

Nimewaambia wangoje, lazima niandike abiria kwanza, ni sheria mpya. Kwa hivyo naandika. Mbuzi watatu. Ndunda. Mutuku. Ndunda anagonga bodi, Masila, unaandika wosia? Naandika.

Mkono nauona. Unawaka, uko na manyoya ya mwangaza kila upande. Ni mzuri sana. Vidole viko hapo ndani mahali.

Ni vitatu. Hapana, hao ni mbuzi.

Mutuku amesema polepole, guka, anangoja. Ndanu hajashusha mkono. Kuna baridi huko nje na hana sweta, na mimi vidole sivioni. Naweka kalamu chini, niende nimpe ufunguo mwenyewe.