Magunia Yametoka Sebuleni

Mama Deo mpenzi,

Wiki iliyopita magunia yalitoka sebuleni. Nimeona nawe uambiwe, maana jambo hili ulilisema hadi ukachoka.

Unakumbuka mwaka ule mgongo ulipokusumbua, ukaenda kwa yule sista wa Kihindi aliyefundisha akina mama yoga? Ulirudi hapa Mlabani na mkeka kwapani na maneno mapya mdomoni. Ulisema mwili una vituo vya nguvu vilivyopangana kwenye uti wa mgongo, na pumzi ndiyo inayopita kuviamsha. Kikiziba kimoja, vingine vinachoka. Nilidhani yataishia kwenye mgongo. Kumbe ulikuwa umeshaanza kuikagua nyumba. Chumba chetu ukakiita kitako, ndiko tunakotulia. Jikoni tumbo, penye moto. Kibarazani koo, maneno yanakotokea. Ulipofika sebuleni ukasimama, mikono kiunoni.

"Baba Deo, hapa ndipo moyo. Sasa mbona umeujaza mpunga?"

"Nasubiri bei."

"Haya, subiri. Wageni wako wataendelea kuamkia magunia."

Nyumba za jirani zote zilikuwa hivyohivyo, mpunga umepangwa hadi dirishani, watu wanapita ubavu. Nilikujibu kwa ualimu wangu, kwamba nyumba ni matofali na bati, haina moyo wala koo. Ukacheka: "Mwalimu, hata wewe ni mifupa na ngozi tu."

Sasa nikukirie. Ulipokwenda kwenye sala za jumuiya, nilikuwa naketi kwenye mkeka wako, nafumba macho, navuta pumzi polepole kama ulivyokuwa ukielekeza. Nilikuwa natulia kweli. Nikisikia kandambili zako uani, narukia gazeti.

Na ulipofariki, magunia niliyaacha palepale kwa makusudi. Kila Deo alipouza, niliagiza mengine yapangwe. Watu walidhani ni tamaa ya bei. Yalikuwa yamekificha kiti chako, nami sikutaka kukiona.

Mwaka huu miguu imevimba, na pumzi inakuja kwa kubembelezwa. Deo akaja kutoka Kidatu kunichukua nikakae kwake. Nikakataa. Nikamwomba atoe mpunga, aniwekee kitanda sebuleni.

"Baba, bei bado iko chini. Tungesubiri kidogo."

"Kusubiri ndiko kunakonishinda, mwanangu."

Alitoka nje, nikamsikia akipiga simu ya kuita kirikuu ije kubeba mzigo. Mkewe Leokadia akafagia pumba na mavi ya panya, akalisukuma dirisha ambalo lilikuwa limesahau kufunguka. Upepo ukaingia. Kiti chako kikatokea, mto wake umetafunwa kona. Nililia kidogo, halafu nikacheka, kwa sababu kilikuwa kiti tu, na nilikuwa nimekiogopa miaka yote hiyo.

Sijui kama ni nguvu za vile vituo vyako au ni hewa safi tu. Sibishani tena. Ninachojua ni kwamba kifua kimelegea. Padre aliponiletea komunyo nilimweleza yote. Akasema Mungu alianza na pumzi kabla ya huyo sista, kisha akaomba chai.

Hofu yangu ilikuwa kufa nyuma ya mlango uliofungwa, wakanikuta baadaye. Sasa wajukuu wanakula hapa miguuni pangu, jumuiya inasali hapa, na anayepita kwenda jikoni ananiuliza, "Babu, upo?" Naitika, "Nipo." Siku nitakayoshindwa kuitika, watajua papo hapo. Kwangu hilo linatosha.

Nakuja, ila sina haraka.

Mumeo,
Baba Deo