Binti wa Korea na Batu Batatu

Abigaëlle,

Bukari iko mu sufuria, sombe upashe moto. Télé usiiguse.

Leo asubuhi ule tata wa kuandika nyumba zenye kampuni ya mine itabomoa alikuuliza: "Humu munalala batu ngapi?" Weye, macho mu série ya Bakorea, ukamujibu: "Batatu." Tuko nane. Sasa kule tunahamishwa tutapewa chumba kimoja. Mi naenda bureau kumubembeleza.

~~Utaniambia kama ule kijana wa mu série alirudi kwa binti.~~ Hapana, sitaki kujua.

Nkambo umupe dawa. Ni ule muzee mwenye kuikala nyuma yako, kama haukumuona.

Ulilia siku mbili juu ya binti wa mu série mwenye alihama akaacha barafiki. Siku tutahama huku kwetu Musonoi, ngojea akulilie.

Mama yako, kama niko mu bale batatu