Mdhamini wa Tatu

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kwamba koo limepata nafuu, maana tangu tumzike Baba sauti yako haijarudi ilivyokuwa. Goti je? Na cherehani yako, bado inakwamakwama? Mimi mwili sijambo. Usingizi ndio umenipa kisogo, na hilo ndilo lililonishikisha kalamu.

Unajua nilivyosota kutafuta kazi. Kila nilikotuma maombi, kimya. Mwishowe nikampelekea CV yangu dada mmoja mchapaji hapa mtaani. Aliisoma akacheka mpaka akavua miwani, akaniuliza kama natafuta kazi au natafuta mchumba, maana nilikuwa nimeandika kimo, dhehebu na kwamba napenda muziki. Akafuta vyote. Alitaka nieleze mikono yangu imefanya nini: majokofu ya aina gani nimetengeneza, ya nani, na yalidumu vipi. Nikamsimulia miaka yangu karakanani kwa Baba, naye akaiweka juu kabisa, kwa kuwa kazi yenyewe ilikuwa ya ufundi kwenye ghala la dawa zinazotunzwa kwenye baridi. Tulipofika kwa wadhamini, umeme ulianza kuchezacheza. Akauliza kama wabaki walewale wa zamani. Nikamwambia walewale, achape upesi.

Basi nikaitwa kwenye usaili. Mkuu wa ghala, mwanamke asiye na maneno mengi, alinieleza kwamba wadhamini wawili wa kwanza hawakupokea simu. Wa tatu alipokea hapo hapo, mzee mwenye sauti ya kukwaruza. Mzee huyo alimwambia kwamba Fundi Mdogo asiharakishwe, kwa sababu huweka kiganja kwenye jokofu na kulisikiliza kabla hajagusa bisibisi. Nikaomba kuiona ile karatasi ya wadhamini. Mdhamini wa tatu alikuwa Baba.

Tulimzika, Mama, na udongo niliutupa kwa mkono huu huu. Simu yake ulituambia imekufa, ukaifungia sandukuni. Na hakuna mwingine aliyewahi kuniita Fundi Mdogo. Sikuwaambia kwamba amekufa, wakanipa kazi.

Tangu hapo sina raha. Nikiweka kiganja kwenye mashine za ghalani, nahisi mtu amesimama nyuma yangu, anangoja nikosee. Nikigeuka, hamna mtu. Nikizima taa chumbani, nasikia kikohozi chake upande wa mlangoni. Naogopa, Mama. Kazi niliyoililia nimeanza kuitafutia njia ya kuiacha.

Juzi nikapiga moyo konde, nikaipiga namba ya Baba kwa simu ya ofisini. Ikaita, ikapokelewa. Ile sauti ya kukwaruza ikajitambulisha kuwa ni fundi, ikauliza jokofu lina tatizo gani. Na nyuma ya sauti nikasikia cherehani ikienda, ikikwama, ikienda tena.

Ni wewe, Mama. Sijui ni wateja wangapi umeshawaahidi kwamba fundi atapita kesho.

Sikukasirika. Nililia mpaka mlinzi akaja kuniuliza kama nimefiwa, nikamjibu ndiyo. Ila kuna jambo moja linanizunguka kichwani. Wewe hujawahi kukanyaga karakanani. Hayo ya kiganja uliyapata wapi kama si kwake? Kwangu mimi, kwa sifa, Baba alikuwa mkono wa birika. Kila nilichotengeneza alikikagua, akaguna, akaondoka. Nilimzika nikiamini sikuwahi kumridhisha. Kumbe akirudi nyumbani alikuwa akikusimulia.

Mkuu wa ghala nitamweleza ukweli mwenyewe, na litakalokuwa na liwe. Jumapili mchana nitaipiga tena namba ile. Nilitaka kukuomba uifunge. Lakini kwanza pokea kama yeye, mara moja tu, nimwambie kwamba Fundi Mdogo amepata kazi. Ukishaguna, nijibu kwa sauti yako, Mama, uniambie Baba amekufa. Hatujawahi kuambiana neno hilo.

Nisalimie mama mdogo na majirani wote wanaoniulizia. Goti lipake dawa, usilionee haya.

Ni mimi mwanao nikupendaye,

Fundi Mdogo