Jani Lililonukia

Salma mjukuu wangu, asalamu alaikum. Sisi huku Mji wa Kale hatujambo, na mamako amepona mafua.

Umeniandikia kuwa ukungu unaotia majani kutu hutoa harufu tamu ili nzi waje wachanganye mbegu zake, upate kuzaana. Ukaniuliza kama nilipata kuunusa. Niliunusa, wakati wa Vita vya Pili. Nilikuwa nachuma asumini za vikuba, vile vishada vya kuvaa kifuani, vya harusi ya dadangu, nikamwambia mama kuwa majani yenye kutu yananukia kama asali. Wanawake wote uani wakacheka. "Jani halinukii, mwanangu," mama akanambia, "ni maua hayo." Tangu siku hiyo wakaniita Bi Jani.

Waliocheka wote wametangulia. Hata hivyo barua yako nimeisoma kwa sauti, kifua mbele, papo hapo uani.

Nyanyako,
Bi Jani