Maji ya Shimo la Tatu

Ijumaa. Jua kali tangu asubuhi, upepo hakuna. Leo arobaini ya mwanangu Mwanaidi imetimia. Hitima imesomwa, masinia yameoshwa, watu wametawanyika. Nimebaki na daftari hili na penseli.

Nina neno ambalo sijamwambia mtu.

Mume wangu Shomari ni mtunza bustani wa chuo cha walimu, hapa upande wa Mbegani. Pale maji ya kuogea wanafunzi na ya kufulia nguo zao hayamwagwi ovyo. Hupita mashimo matatu: la kwanza hushika povu na uchafu, la pili lina kokoto na mkaa, la tatu mchanga. Yakitoka hapo ndiyo yanayonyweshea mchicha na migomba. Shomari aliniambia mapema, "Ya mboga hayo, mke wangu. Si ya mtu."

Mimi nikajiona najua zaidi.

Kisima chetu kiangazi hiki kimekuwa chumvi tupu. Mwanaidi, mwaka mmoja na miezi miwili, alikuwa akionja anatema, analia. Nikaenda shimo la tatu na kata yangu. Madrasa nilifundishwa kuyajua maji ya udhu: rangi, ladha, harufu. Nikayapima hivyo hivyo. Rangi hakuna. Ladha hakuna. Harufu hakuna. Nikasema bismillahi, nikamnywesha. Akaishika kata kwa mikono miwili, hakutaka kuiachia.

Siku ya tatu akaanza kuharisha. Ya tano tukamzika.

Mwalimu alinifundisha maji ya kutawadha. Ya kunywa sikumuuliza mtu. Na bwana dawa aliponiuliza mtoto kanywa maji gani, nilijibu ya kisima.

Walipomwosha walichimba ufuo chini ya kitanda, maji yake yakaingia humo, wakafukia. Nikawaza, haya angalau hakuna atakayeyachota.

Leo watu walipokwisha kuondoka, nikamwona jirani yangu Mwanahamisi anatoka bustanini, ndoo kichwani, mwanawe mgongoni.

"Mbona wanikodolea macho, shoga? Tazama yalivyo meupe, kushinda roho za mawifi zangu!"

Akacheka. Akatua ndoo, akampakata mtoto, akachota kwa kata.

Nikasita. Nikisema, mtaa mzima utajua nani alimnywesha Mwanaidi. Shomari naye atajua.

Mtoto akaishika kata kwa mikono miwili.

"Usimpe!" Nikaipiga kata, ikaanguka. "Mimi nilimpa wangu, Mwanahamisi. Maji haya haya."

 Akaimwaga ndoo yote kwenye shina la mgomba, akambana mwanawe kifuani, akaenda zake. 

Simlaumu. Ningekuwa mimi ningekimbia.

Nina mimba ya miezi mitano. Huyu wa tumboni sitaki azaliwe na mama mwongo.

Namsikia Shomari uani, amerudi kutoka kuswali alasiri, ananawa miguu. Nitamwambia kabla hajaketi, maana akiketi akanitazama kwa ile huruma yake, nitashindwa tena. Na kesho nitapita nyumba kwa nyumba, nianze kwa wenye watoto wachanga. Atakayenifungia mlango, nitamwambia dirishani.