Kiti cha Nne

Baba Kumail,

Mchuzi wa kuku uko kwenye sufuria ndogo, wali upashe moto. Mama yako apewe dawa ya presha akishakula, si kabla. Mimi nimekwenda Kirongwe kwa dada, nitarudi alasiri.

~~Sijakasirika.~~ Nimekasirika, lakini kidogo.

Kunipandisha asubuhi kwenye mizani ya korosho, sawa, umesema ndege unayotaka kununua inahesabu uzito wa kila abiria. Lakini kutangaza "themanini na nne!" mbele ya wateja, ya nini? Halafu nimeikuta karatasi yako: ndege mbili za viti vinne, na kote umekata jina langu. Eti matangi ya mafuta yakijaa, inabeba rubani, wewe na mama tu. Huko kliniki ya Dar unakompeleka, nani atamvua buibui na kumvisha tena? Wewe?

Makaratasi yako nimeyasoma yote. Ile yenye mabawa chini ina mwendo, ila kuingia lazima ukanyage bawa, na magoti ya mama unayajua. Chukua yenye mabawa juu, mlango wake ni karibu kama wa gari.

Na matangi, nani kakwambia uyajaze? Dar haifiki saa nzima. Kwenda na kurudi hatumalizi hata nusu.

Jina langu nimelirudisha kwa kalamu nyekundu. Punguza mafuta, usipunguze mke.

Mama Kumail