Oksijeni na Mafuta

3 Juni
Mwanangu,
Hujambo? Hapa mama yako hajambo, nami sijambo isipokuwa sikio. Juzi niliamka la kulia limeziba, linavuma tu kama pampu. La kushoto unajua lilikufa zamani, mtungi wa oksijeni ulipolipuka karakanani. Ukipiga simu utaongea na ukuta, ndiyo maana nakuandikia. Mama yako ananiandikia maswali kwenye daftari, na mwandiko wake ni balaa. Ni nta tu. Nitatia mafuta ya uvuguvugu.
Baba yako

4 Juni
Shikamoo baba,
Usitie kitu. Nenda hospitali leo hii. Daktari wa kiwandani kwetu anasema sikio likizima ghafla ni la kuwahiwa; wiki mbili zikipita, mara nyingi ndiyo basi tena. Nakuomba. Sitaki kuongea na wewe kwa daftari maisha yangu yote.
Binti yako

7 Juni
Marahaba mwanangu,
Nimekwenda. Si nta. Wamenipa vidonge, na wanataka kunifungia kwenye chemba, bomba la chuma lenye kidirisha, nivute oksijeni tupu kwa presha, saa moja na nusu kila siku, siku kumi na tano. Nikasema asante, nikarudi nyumbani. Nimechomelea vyuma miaka thelathini, oksijeni naijua. Mwenzangu alishika vali ya mtungi ule kwa mikono ya grisi, tukamzika. Oksijeni na mafuta havikai nyumba moja. Bora uziwi kuliko kuokwa.
Baba

8 Juni
Shikamoo baba,
Nimelia chooni kazini. Kuogopa ni haki yako, lakini usiniambie bora uziwi. Mama anasema siku hizi hata daftari husomi, unageukia ukutani. Nenda ukaikague hiyo chemba mwenyewe, kifundi. Ukiona kasoro rudi, sitasema neno.
Binti yako

14 Juni
Baba,
Wiki mbili zimeisha. Hujibu, mama hajibu. Nijibuni hata neno moja.
Binti yako

26 Juni
Mwanangu, nisamehe.
Nilimkataza mama yako kukuandikia, sikutaka uhesabu siku pamoja nami. Tarehe tisa nilikwenda kukagua, nimejiandaa kugomba. Muuguzi, mdogo kuliko wewe, akanusa kichwa changu, akaandika: "Mzee, umepaka mafuta. Kaoge kwanza." Akanipekua mifuko, akatazama hadi kucha. Nikaona huyu naye oksijeni anaijua. Nikaoga, nikaingia.
Daktari anasema nusu ya usikivu imerudi, iliyobaki labda isirudi. Jana mama yako alikuwa jikoni na jirani, akidhani mimi bado kiziwi kama gogo. Akasema, "Huyu mzee akizibika moja kwa moja, mimi nitagombana na nani?" Kisha akalia. Miaka yote ya ndoa hajaniambia kitu kama hicho.
Sijamwambia kwamba nilisikia. Na wewe usimwambie.
Baba yako